Dondoo la mmea lililozuia Candida: je, litafaa dhidi ya Pythium?

Swali: "Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika mikrobiolojia. Niliroweka kwenye ethanoli majani makavu ya mmea ambao waganga huutumia kwa magonjwa ya ngozi, nikachuja, nikadondosha dondoo hilo kwenye viduara vya karatasi na kuviweka juu ya agari yenye kuvu wa Candida albicans. Nilipata duara wazi la milimita 18, kubwa kuliko lile la flukonazoli, dawa ya kuvu. Msimamizi wangu anapendekeza sasa nilijaribu dhidi ya Pythium insidiosum, kwa sababu dawa za kuvu hazikiwezi kimelea hicho. Nimesoma kwamba si kuvu halisi, lakini sielewi jambo hilo linabadilisha nini katika majaribio yangu. Swali la pili ni zito zaidi kwangu. Binamu yangu mwenye thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ana kidonda mguuni tangu alipofanya kazi kwenye shamba lililojaa maji. Amepaka dawa ya kuvu kwa wiki kadhaa bila nafuu, na sasa mguu unamuuma sana na vidole vimekuwa vya baridi. Familia inaniuliza kama tunaweza kumpaka dondoo langu. Nifanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu utafiti wako unaweza kusubiri na mguu wa binamu yako hauwezi. Mpelekeni leo hospitali yenye daktari wa upasuaji, na ikiwezekana yenye daktari anayeshughulika na mishipa ya damu. Thalasemia, maji yaliyotuama, kidonda kisichosikia dawa, kisha maumivu makali na vidole vya baridi: mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja yanaweza kumaanisha kwamba ateri ya mguu inaziba. Sababu za kuziba ni nyingi, wala mimi siwezi kumpima mgonjwa kupitia maandishi, lakini mojawapo ni Pythium insidiosum yenyewe, ambayo kwa watu wenye thalasemia ina tabia ya kuingia katika kuta za ateri na kupanda kutoka mguuni kuelekea nyonga na tumbo. Ikishafika kwenye aota, ateri kuu ya mwili, matumaini ya kumwokoa mgonjwa hupungua sana. Ikiwa bado iko chini, upasuaji unaoondoa sehemu yote iliyoathirika, hata kama ni kuukata mguu, ndio unaookoa maisha. Ni habari ngumu kuipokea, na ndiyo maana naisema mapema kabla hujaingia kwenye mambo ya maabara.

Mkifika hospitali, waelezeni madaktari mambo matatu bila kusubiri kuulizwa: kwamba mgonjwa ana thalasemia, kwamba kidonda kilianza baada ya kukaa kwenye maji, na kwamba dawa ya kuvu haikusaidia. Waombeni waufikirie ugonjwa wa paithiosisi, yaani maambukizi ya Pythium insidiosum. Si kwamba hawaujui, bali kwa hadubini nyuzi za kimelea hiki ni pana na zina kuta chache za kuzigawa, hivyo zinafanana mno na za kuvu wa jamii ya Mucorales, na mahali ambapo ugonjwa huu hauonekani mara kwa mara ni rahisi jina la kuvu kuandikwa kwenye majibu na matibabu yakaendelea kwa njia isiyo sahihi. Uhakika hupatikana kwa kuotesha kipande cha nyama iliyokatwa kidondani au mshipani, kwa kutafuta vinasaba vyake, au kwa kupima kingamwili katika damu. Maabara ikiambiwa mapema inachotafuta, itakitunza kipande hicho kikiwa kibichi na chenye unyevu katika joto la kawaida la chumba, kwa sababu baridi ya jokofu hupunguza uwezekano wa kimelea kuota.

Dondoo lako lisimguse. Nasema hivi bila kuudharau mmea wala waganga wanaoutumia. Kama ugonjwa uko katika ukuta wa ateri, kitu cha kupakwa juu ya ngozi hakitaufikia. Dondoo lenyewe halijatakaswa vimelea, hakuna anayejua ni kiasi gani cha kemikali zake kinaumiza seli za mtu, na mabaki yake kidondani yanaweza kuzuia kimelea kuota kwenye sampuli, kwa hiyo ugonjwa ubaki bila jina. Zaidi ya yote, kila siku inayopita mkisubiri kuona kama litasaidia ni siku ambayo kimelea kinapanda. Tahadhari hii ni kali zaidi kwa jicho: ikitokea mtu akapata maumivu na doa jeupe kwenye konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, baada ya kuingiwa na maji ya dimbwi au mto, au baada ya kuvaa lenzi za macho majini, asiweke jichoni tone lolote la mmea. Amwone daktari wa macho siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye maabara yako, nikianza na hofu niliyoiona ndani ya swali lako, yaani kwamba huenda tofauti ya "kuvu" na "si kuvu" ni ya vitabuni tu. Hapana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa ipi itafanya kazi na jaribio lipi lina maana.

Pythium insidiosum, iliyopewa jina hilo mwaka 1987, ni ya kundi la oomaiseti. Ina nyuzi kama kuvu, inakua kwenye agari kama kuvu, na inaharibu nyama ya mwili kama baadhi ya kuvu, lakini kiukoo iko karibu zaidi na mwani wa kahawia na daiatomu kuliko hamira au uyoga. Ukuta wa seli yake umejengwa hasa kwa beta-glukani na selulosi, na kaitini iliyomo ni kidogo sana, wakati kwa kuvu halisi kaitini ni nguzo muhimu. Uzazi wake ni wa majini: hutoa spora zenye mikia miwili zinazoogelea, zikavutwa na unywele, jani au jeraha, zikajishika hapo na kuanza kuota. Ndiyo maana wagonjwa wake wengi ni watu, farasi na mbwa waliokuwa kwenye maji yaliyotuama katika nchi zenye joto. Thailand imeandika habari nyingi za wagonjwa wa mishipa ya damu wenye thalasemia, India na Thailand zina wagonjwa wengi wa macho, na huko Brazil eneo la Pantanal linajulikana kwa farasi wenye vidonda vikubwa vya ugonjwa huu.

Utando wa seli yake ndio unaokuhusu zaidi. Kuvu halisi hujitengenezea ergosteroli, aina ya steroli inayofanana na kolesteroli yetu, na kuiweka kwenye utando, na dawa nyingi kuu za kuvu zinalenga hapo. Azoli huzuia kimeng'enya kimojawapo katika utengenezaji huo, tebinafini huzuia kimeng'enya cha hatua ya mapema zaidi, na amfoterisini B huishika ergosteroli yenyewe na kuutoboa utando. Pythium haijitengenezei steroli. Inazichukua kutoka kwenye mazingira yake ikizipata, na inaishi bila hizo ikizikosa. Kuitibu kwa azoli peke yake ni kama kumtuma fundi akabomoe mtambo ambao haukuwahi kujengwa. Hata hivyo, nisikupe picha ya upande mmoja: wako wagonjwa walioandikwa kuwa walipona wakitumia itrakonazoli pamoja na tebinafini, mara nyingi sambamba na upasuaji, na kwa hiyo madaktari wengi bado huzitumia. Jambo lisilowezekana ni kuzitegemea.

Kwa sababu hiyo watafiti waligeukia njia nyingine. Viuavijasumu vinavyozuia utengenezaji wa protini, kama azithromaisini, linezolidi na minosaiklini, vimeonyesha nguvu dhidi ya kimelea hiki katika maabara, na madaktari wa macho wanazitumia mbili za kwanza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vinashika ribosomu za mitokondria zake, ambazo zinafanana na za bakteria. Kuna pia chanjo ya tiba inayotengenezwa kutokana na protini za kimelea chenyewe, iliyoanzia kwa farasi na kisha kutumiwa kwa watu, ambayo nia yake ni kuugeuza mwitikio wa kinga ya mwili. Bado hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kusimama peke yake kwa kila mgonjwa, na pengo hilo ndilo linalofanya pendekezo la msimamizi wako kuwa la maana.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna dhana moja katika swali lako inayohitaji kusahihishwa. Unaonekana kuamini kwamba dondoo lililoishinda Candida lina nafasi nzuri ya kuishinda Pythium. Huenda ikawa hivyo, lakini matokeo ya kwanza hayatabiri ya pili. Chukua mfano wa saponini, kemikali zinazofanya baadhi ya mimea itoe povu ukiitikisa majini. Nyingi kati yake huua kuvu kwa kushikana na steroli za utando. Zikikutana na Candida zinaitoboa, nawe unaona duara zuri. Zikikutana na oomaiseti isiyo na steroli zake mwenyewe, mara nyingi hazipati pa kushika. Halafu angalia upande wa mgonjwa: seli zake nyekundu za damu zina kolesteroli tele, na saponini nyingi hupasua seli hizo bila shida. Dondoo la aina hiyo lingekuwa na sifa mbaya kuliko zote kwa lengo lako, yaani kuwa dhaifu kwa kimelea na kali kwa mtu, ilhali jaribio lako la duara lingelipa alama za juu. Tikisa dondoo lako la maji kwenye neli ya kioo, uone kama povu linadumu, kisha ulipime kwenye seli nyekundu za damu kabla ya kwenda mbali. Ni kipimo cha gharama ndogo, nami ningekifanya katika wiki ya kwanza.

Hoja hii inageuka upande wa pili pia, na huko ndiko ninakoona matumaini ya kweli. Ndugu wengi wa Pythium insidiosum ni maadui wa mimea. Phytophthora infestans, iliyoharibu viazi vya Ulaya kuanzia mwaka 1845 na kuchangia njaa kubwa ya Ireland, ni oomaiseti. Spishi nyingine za Pythium huozesha mizizi ya miche. Mimea imepambana na kundi hili kwa muda mrefu mno, na imejitengenezea kemikali za kujilinda ambazo hazikulenga Candida hata siku moja. Ukichuja madondoo yako kwa kutumia Candida kwanza na kuyatupa yaliyoshindwa, huenda ukawa unatupa yale hasa unayoyatafuta. Kwa hiyo usiifanye Candida kuwa mlango. Yajaribu madondoo yote moja kwa moja dhidi ya oomaiseti, na Candida iwe kipimo cha pembeni kinachokusaidia kuelewa dondoo linafanya kazi kwa njia gani: likizuia Pythium na kuiacha Candida, umepata jambo la kuvutia.

Hutakuwa wa kwanza kuipita njia hii. Watafiti wa Brazil wamepima mafuta tete ya origano na thaimu, pamoja na viambato vyake kavakroli na thimoli, dhidi ya Pythium insidiosum na kuona kwamba vinazuia ukuaji wake katika maabara. Watafiti wa Thailand nao wamepima madondoo ya mitishamba ya kwao. Lakini kutoka kuzuia ukuaji kwenye sahani hadi kumponya mgonjwa ni mwendo mrefu, na hakuna dondoo la mmea ambalo leo daktari anaweza kuliandika kama tiba inayokubalika ya ugonjwa huu.

Turudi kwenye milimita zako 18. Ukubwa wa duara unategemea kiasi kilichomo kwenye karatasi, wepesi wa molekuli kusambaa ndani ya agari, unene wa agari, wingi wa kimelea ulichopanda na mabaki ya ethanoli kama karatasi haikukauka kabisa. Molekuli kubwa au zinazopenda mafuta husambaa vibaya kwenye agari yenye maji, hivyo dondoo lenye nguvu linaweza kutoa duara dogo na dondoo dhaifu lenye molekuli nyepesi likatoa kubwa. Kulilinganisha na duara la flukonazoli hakufai kabisa, kwa sababu kiduara cha flukonazoli kina mikrogramu chache za kemikali moja iliyo safi, na chako huenda kina miligramu kadhaa za mchanganyiko wa mamia ya kemikali. Duara linakuambia kwamba kuna kitu, basi. Usiliandike katika tasnifu kama ushahidi wa nguvu.

Unachohitaji ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji, kinachopimwa katika kimiminika. Hakikisha kwanza mmea wako una jina: mtaalamu wa mimea autambue, na kielelezo chake kihifadhiwe kwenye hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, kwa sababu bila hicho hakuna atakayeweza kurudia kazi yako. Andika sehemu ya mmea, msimu na namna ulivyokausha. Kisha tumia viyeyushi vya aina tofauti, kuanzia heksani, ethili asetati na methanoli hadi maji, kwa sababu kila kimoja huvuta kemikali zake. Joto nalo lina uamuzi wake. Mwaka 1971 Tu Youyou na wenzake nchini China waliona dondoo lao la pakanga dhidi ya malaria likifanya kazi vizuri pale tu walipoacha njia ya joto kali na kutumia etha katika joto la chini. Kemikali iliyopatikana humo ni artemisinini, nayo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kama ungeuchemsha mmea huo na kuishia hapo, ungeuita hauna kitu.

Kausha dondoo hadi kiyeyushi kiishe, lipime kwa mizani, kisha liyeyushe upya kwa kiasi kinachojulikana, kwa kawaida kwenye dimethili sulfoksaidi, ukihakikisha kwamba kiyeyushi hicho hakizidi asilimia 1 ndani ya jaribio. Sentensi kama "dondoo la asilimia 50" haimwambii msomaji lolote. Mikrogramu kwa mililita zinamwambia. Andaa mfululizo wa nusu kwa nusu kwenye sahani ya vishimo 96, na katika kila sahani uwe na vishimo vya kulinganishia: kimelea bila dawa, kimelea chenye kiyeyushi peke yake, dondoo bila kimelea, na kimelea chenye dawa inayojulikana kukizuia, kwa mfano azithromaisini. Watafiti hurekebisha utaratibu wa CLSI, taasisi inayoweka viwango vya vipimo vya maabara, uliotungwa kwa kuvu wenye nyuzi, unaojulikana kama M38, wakitumia spora zinazoogelea zilizohesabiwa kwa hadubini, mchuzi wa RPMI 1640 na joto la nyuzi 37 kwa saa 24 hadi 48. Kupata spora hizo kunahitaji ujuzi, kwani kimelea hakizitoi kwenye agari ya kawaida: kinapaswa kuoteshwa juu ya vipande vya majani ya nyasi yaliyotakaswa, kisha kuwekwa kwenye maji yenye chumvi maalumu. Jifunze hatua hii kwa mtu anayeifanya, maandishi hayatoshi.

Kuna mitego ambayo hunasa madondoo ya mimea kuliko dawa safi. Rangi ya kijani au kahawia huficha ukuaji, na watu wengi hukimbilia rangi ya resazurini ili kuona kilicho hai. Lakini polifenoli za mmea zinaweza kuibadilisha resazurini hata pasipo kimelea chochote, na ndiyo maana kile kishimo cha dondoo bila kimelea hakiepukiki. Tanini hushikana na protini za aina nyingi, hivyo zinaweza kuonekana kuwa na nguvu katika kila kipimo unachokifanya, na nguvu hiyo ikapotea mara tu unapoongeza seramu. Rudia jaribio ukiwa umeweka seramu ndani ya mchuzi. Kama kiwango kinachohitajika kinakuwa kikubwa mara kadhaa kuliko awali, dondoo hilo litapata taabu ndani ya mwili wenye damu. Mafuta tete yana shida yake: hugeuka mvuke na kuzuia ukuaji kwenye vishimo jirani, nawe ukadhani dozi ndogo imefanya kazi. Yafunike vizuri au uyapime kwenye sahani yake pekee.

Je, namba ipi ni nzuri? Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba dondoo ghafi linaanza kuvutia likizuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, na kemikali safi chini ya mikrogramu 10. Likihitaji zaidi ya miligramu 1 kwa mililita, mimi ningeliacha bila majuto, maana kwa wingi huo karibu kila mmea utazuia kitu fulani. Ukishapata namba hiyo, toa kipande kutoka vishimo visivyoota ukiweke kwenye agari safi, ili ujue kama umekiua kimelea au umekilaza tu. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake haikisaidii, tofauti hiyo ni kubwa.

Namba ya pili ni ya sumu. Pima dondoo hilohilo kwenye seli za mamalia, kisha gawanya kiwango kinachoua nusu ya seli hizo kwa kiwango kinachozuia kimelea. Jibu likiwa 1 au 2, umepata sumu ya jumla; watafiti wengi hupenda kuona angalau 10 kabla ya kuendelea. Kwa maoni yangu, tasnifu yenye namba hizi mbili, kwa madondoo machache yaliyotambuliwa vizuri, ina thamani kuliko tasnifu yenye maduara ya mimea thelathini. Ukitaka kuona kama dondoo linaisaidia dawa iliyopo, panga jaribio la kuchanganya dozi zote mbili hatua kwa hatua. Kielelezo cha mchanganyiko, yaani namba inayolinganisha dozi zikiwa pamoja na kila moja ikiwa peke yake, kikiwa 0.5 au chini, zinasaidiana, na kikizidi 4, zinapingana. Njia ya kusaidiana huenda ndiyo fupi zaidi kuelekea hospitali, kwa sababu haiutaki mmea ubebe mzigo wote. Majaribio ya wanyama, ambayo kwa ugonjwa huu mara nyingi hufanywa kwa sungura, yasubiri hadi hapo, na yapite kwenye kamati ya maadili.

Usitumie aina moja tu ya kimelea. Pythium insidiosum ina nasaba zinazotofautiana kwa vinasaba na kwa maeneo zinakotoka, na matokeo ya nasaba moja hayafai kusemwa kwa zote. Kama maabara yako haina kabati salama la ngazi ya pili, anza na Pythium aphanidermatum, adui wa mimea, kama chujio la awali, kisha shirikiana na maabara yenye kibali cha kushughulikia ile inayoambukiza watu. Usijaribu kuotesha kitu kutoka kwenye kidonda cha binamu yako. Na kwa kuwa ujuzi wa mmea ulitoka kwa waganga, waombe ridhaa yao na ufuate sheria za nchi yako chini ya Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, iliyoanza kutumika mwaka 2014, kabla hujapeleka sampuli popote.

Nikukumbushe pia kwamba si kila kinachofanana na kuvu ni oomaiseti. Uvimbe wa mguu unaotoa punje unaweza kusababishwa na bakteria kama Nocardia na Actinomadura, ambao hutibiwa kwa viuavijasumu; Prototheca ni mwani uliopoteza rangi ya kijani, na amfoterisini B mara nyingi huuweza kwa kuwa una ergosteroli. Ukiandika utangulizi wa tasnifu, usiyaweke magonjwa haya kwenye kapu moja, na usiseme dondoo lako "linatibu maambukizi yanayofanana na kuvu". Taja kimelea kimoja, nasaba ulizozipima, mchuzi, joto, saa, na kiwango kilichozuia. Dondoo likishindwa, liandike kwa uangalifu uleule, pamoja na namba zake zote, ili mtafiti mwingine asitumie mwaka wake kuupima mmea ambao wewe tayari umeupima vizuri.